Kipimo hakijaona kitu, lakini kichwa kinauma

Nilipotea kidogo, asaimenti tatu na jaribio la saikolojia vilikuwa vimenikaba koo, ila nipo. Leo sina vituko vya hosteli. Leo nina hoja moja, na nitaisema mapema kabla hamjachoka kusoma: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeumwa kichwa, tumbo au kifua, akapimwa na kuambiwa hana kitu, si mwongo. Anaumwa kweli. Na sisi tunaolala naye chumba kimoja ndio zahanati yake ya kwanza, tupende tusipende.

Mliopita hapo mnaijua hali yenyewe. Chuo kikifunguliwa wiki ya kwanza ni shangwe, picha za kutuma nyumbani, kila mtu na begi jipya. Ikifika wiki ya sita, ya saba hivi, majaribio yako mlangoni, hela ya nyumbani imeshakata, na foleni ya zahanati inafika mpaka nje. Huyu kichwa kinamgonga kuanzia kisogoni. Yule tumbo linamwaka moto. Mwingine moyo unamwenda mbio na yuko amekaa tu kwenye kimbweta, hajakimbizwa na mtu. Kuna anayeharisha kila asubuhi ya prezentesheni, halafu mchana anapona mwenyewe. Kuna ambaye vidole vinamfa ganzi. Kuna dada ambaye hedhi imeruka miezi miwili na hajui amwambie nani, maana akifungua mdomo tu, kesho yake jengo zima linamhesabia miezi.

Wanapimwa. Malaria hakuna. Mkojo msafi. Wanarudi chumbani na karatasi yenye majibu mazuri na kichwa kilekile kinachouma. Hapo sasa ndipo kesi inapoanza.

Mahakama ya chumbani ina hukumu tatu tu. Ya kwanza: anadeka huyo, kwao kazoea kubembelezwa. Ya pili: kuna mtu kamchezea, kijijini hawakufurahi alivyofaulu. Ya tatu, kama ni msichana, mnaijua. Hukumu hizi zinafanana kwa kitu kimoja, hakuna hata moja inayomuuliza mgonjwa mwenyewe jana alilala saa ngapi.

Ngoja niwape kidogo cha darasani, si mnajua sisi watu wa ualimu hatuwezi kuona ubao mtupu. Mbwa akikutokea ghafla uchochoroni, mwili hausubiri ufikirie. Ubongo unatoa amri, adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi fupi, misuli ya shingo na mabega inakaza, tumbo linaacha kazi yake ya kusaga chakula maana si wakati wake. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza haya kwenye kitabu chake cha mwaka 1915. Mwaka 1936 Hans Selye naye akaanza kuandika jinsi mwili unavyochoka pale hali hiyo inapoendelea siku nyingi bila kukatika.

Mbwa wa uchochoroni akiondoka, mwili unatulia. Tatizo la mwaka wa kwanza ni kwamba mbwa haondoki. Mbwa ni ada. Mbwa ni jaribio la Jumatatu. Mbwa ni kuamka saa kumi alfajiri kuwahi kiti kwenye ukumbi wa watu mia kadhaa, ukichelewa unaandikia dirishani. Mbwa ni zile hadithi za kaka zetu wa mwaka wa tatu kwamba kozi fulani kila mwaka inaondoka na watu. Mwili haujui tofauti ya meno ya mbwa na GPA. Unachojua ni kwamba kuna hatari, basi unakaza.

Sasa misuli ya shingo ikikaza wiki nzima, kichwa kitauma, hakuna uchawi hapo. Ukipumua haraka haraka bila kujijua, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, kizunguzungu kinakuja na vidole vinakufa ganzi. Ukikaa na hofu huku huli vizuri na hulali, hata homoni zinazoendesha hedhi zinavurugika. Kipimo cha malaria kinatafuta vijidudu vya malaria. Hakikutengenezwa kutafuta hofu.

Na Kiswahili chetu kilishalijua hili zamani sana. Tunasema fulani "ana mawazo", vilevile kama tunavyosema "ana homa". Tunasema amekonda kwa mawazo. Bibi yangu hajasoma saikolojia lakini hilo analijua. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliliweka kwenye mwongozo wao mkubwa wa magonjwa ya akili. Yaani neno la bibi wa Kibantu limeingia kwenye kitabu cha madaktari, halafu sisi wasomi ndio tunasema mtu anadeka!

Nina mfano wa karibu. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa wanne chumbani, na kwa siri wa tano, maana mnajua mambo ya kubebana. Mmoja wetu, sitamtaja hata kwa herufi, alitoka mbali, siku mbili kwa basi. Shuleni kwao alikuwa wa kwanza tangu kidato cha tano. Hakuwa na mkopo, baba yake mkulima, na hela ya ada ilitegemea mahindi yauzwe. Alianza na kichwa. Kikafuata kifua, anasema kama mtu kamkalia. Usiku anashtuka, jasho, moyo unapiga. Kwa muda wa wiki kama saba alimeza dozi mbili za mseto kutoka duka la dawa la nje ya geti, bila kupimwa. Akatibiwa taifodi. Akaambiwa ana UTI, akameza vidonge vya hiyo pia. Nusu ya hela yake ya chakula iliishia kwenye dawa. Nyumbani akipigiwa simu anajibu "mzima baba, chuo kizuri tu". Akakata simu, anageukia ukutani.

Alishaanza kuulizia utaratibu wa kuahirisha mwaka. Na ninyi mnajua kwa mtoto wa mkulima kuahirisha mwaka maana yake nini. Wengi hawarudi.

Kilichomwokoa si kipimo kipya. Siku moja zahanati alikuwepo mama mmoja nesi, mtu mzima, tulimpeleka wawili. Tukampa shikamoo, akaitika, akasoma lile daftari la matibabu ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani. Akauliza, "Mwanangu, jana ulikula nini?" Mwenzetu akasema chai. "Na juzi?" Hapo hakujibu, alianza kulia, na alilia muda mrefu, na yule mama hakumharakisha japo foleni nje ilikuwa inagonga mlango. Wiki saba, watu wanne walishamgusa kwa vipimo na dawa, ni huyo mmoja tu aliyemuuliza swali lenye jibu.

Sitaki kuwadanganya kwamba alipona palepale. Kichwa kinamrudia mpaka leo majaribio yakikaribia. Ila tulianza kuchanga chakula wanne, tukamlazimisha kulala saa tano, na yeye akamwambia baba yake ukweli. Baba aliongea na msimamizi wa kitengo cha ada kwa simu, akapewa kulipa kidogo kidogo. Sasa hivi yuko darasani na mimi, na hiyo nusu ya hela iliyokuwa inakwenda duka la dawa inakwenda kwenye ugali na maharage.

Najua kuna wazee wangu watasoma hapa na kuguna. Hoja yao naijua kwa moyo: sisi tulisoma kwa kibatari, tulitembea maili kadhaa, hatukuwa na hizo stresi zenu, ninyi ni kizazi cha chipsi mayai. Shikamooni wazee wangu. Kwa heshima zote, naomba tuangalie enzi hizo hizo za kibatari.

Mwaka 1960 daktari wa akili aitwaye Raymond Prince aliandika kuhusu wanafunzi wa Nigeria. Walikuwa wanalalamika kichwa kinawaka au kama kuna kitu kinatambaa ndani, macho yanaona ukungu, mtu anasoma ukurasa mzima na hashiki hata neno. Wanafunzi wenyewe waliita hali hiyo "brain fag", ubongo umechoka. Wengi walikuwa watoto wa mwanzo kwenye koo zao kufika mbali kimasomo, na ukoo mzima umewekeza kwao. Hivi hapo hamjaona chumba chetu cha hosteli?

Kama Nigeria ni mbali, twende Kashasha, kule upande wa Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijapita tangu Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Ikaenea. Wengine wanacheka, wengine wanalia, wengine wanahangaika huku na huku, kwa saa nyingi, wengine kwa siku kadhaa. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Walimu hawakupatwa. Madaktari walichukua vipimo, hawakukuta sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Mpaka leo huko nje watu wanaisimulia kama kichekesho, nchi iliyougua kicheko. Mimi sicheki. Naona watoto wa kike wametolewa nyumbani, wamewekwa bwenini chini ya sheria kali, nchi inabadilika na matumaini yote yako juu yao, na hakuna mlango wa kusemea. Mwili ukasema kwa niaba yao.

Hao walikuwa vijana wa zamani, wazee wangu. Si kizazi cha chipsi. Kilichobadilika ni kwamba enzi zile aliyeshindwa alirudi nyumbani kimya kimya na hakuna aliyemwandika popote. Wanaotuhadithia leo ni waliobaki.

Kwenye dawa sasa, hapa naomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo tunapoumizana. Hosteli kila chumba kina daktari. Kichwa kikiuma, "meza diklofenaki". Kesho tena, keshokutwa tena. Halafu baada ya mwezi mtu analia vidonda vya tumbo, anasema ni mawazo. Jamani, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria. Sababu nyingine kubwa ni hizo hizo dawa za maumivu, diklofenaki, aspirini na ndugu zao, zinachubua tumbo. Mawazo yanaweza kulifanya tumbo liume na kuwaka bila kidonda chochote, lakini dawa tunazogawiana kama karanga ndizo zinazoweza kukuletea kidonda chenyewe. Na vile vinywaji vya kopo vya kukeshea, ukinywa viwili usiku na moyo tayari ulikuwa unakwenda mbio, unategemea nini?

Na kile kipimo cha taifodi cha matone ya damu kinachoitwa Widal, ambacho sehemu nyingi bado kinatumika, kinaweza kuonyesha unao kwa sababu uliwahi kuugua zamani au ulichanjwa. Kwa hiyo mtu anaweza kutibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka na hajawahi kuwa nayo hata siku moja. Malaria nayo, Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu mwaka 2010, pima kwanza ndipo utibu. Sisi bado tunatibu kwanza.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi kila maumivu ni mawazo. Hilo nalo ni kosa, tena linaua. Malaria ipo, taifodi ipo, UTI ipo, na hizi hazijali uko mwaka wa ngapi. Kupima ni lazima, na kupima kwanza. Homa kali, shingo kukakamaa, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukonda kusikoelezeka, kikohozi cha wiki mbili, kuzimia, hayo nenda hospitali leo, usisome tena hapa. Ninachosema ni kwamba majibu yakirudi safi, safari ndiyo kwanza imeanza. "Hauna malaria" ni jibu la swali moja tu.

Basi tufanye nini? Mimi naona mambo manne, na hakuna linalohitaji mfadhili.

Kwanza, sisi wa chumbani. Mwenzako akirudi na karatasi safi, muulize maswali matatu: umekula, umelala, nyumbani kuko vipi? Usimuulize mbele ya watu. Na uwe tayari jibu likawa refu. Kama jibu ni kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi, usibaki na siri hiyo peke yako, nenda naye kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati siku hiyohiyo, mshike mkono.

Pili, zahanati za vyuo. Najua madaktari ni wachache na foleni ndefu. Lakini swali la "jana ulikula nini" linachukua sekunde nne. Lina gharama ndogo kuliko dozi.

Tatu, wiki ya mapokezi. Tunapokewa kwa kuonyeshwa maktaba, benki, na jinsi ya kujisajili kwenye mfumo. Vizuri. Kwa nini asisimame mtu mmoja kwa nusu saa, akawaambia wageni: mkifika wiki ya sita, mwili unaweza kuanza hivi na hivi, si wewe peke yako, mlango wa kugonga ni huu hapa? Nina hakika nusu ya hofu ni kudhani uko peke yako na ugonjwa usio na jina.

Nne, wakubwa wa chuo, namaanisha sisi mwaka wa pili na wa tatu. Tuache kuwatisha wageni kwa hadithi za sapu na kudisko kama vile ni sifa. Mtu mzima anamwambia mtoto wa miezi miwili chuoni "hapa wanaingia mia wanatoka arobaini", anacheka, anaondoka. Yule mtoto halali.

Halafu kuna suala la tumbo lenyewe, na hapa namkumbuka Maslow wa darasani, yule wa mwaka 1943, tunayemkariri kila mtihani: mahitaji ya mwili kwanza, chakula, usingizi, ndipo mengine. Tunamwandika kwenye UE tunapata alama, tunatoka nje tunamwambia mwenye njaa ajitahidi. Mwaka 2022 posho ya wenye mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, tukashukuru. Lakini bumu linakuja kwa mafungu, likikata limekata, na kuna wenzetu hawana bumu kabisa. Ukimshauri mtu huyo apumue taratibu na asiwaze, umempa ushauri mzuri wa mtu aliyeshiba. Mazoezi mazuri, kulala kuzuri, sala nzuri. Ila kwa wengi wetu dawa ya kwanza ya kichwa ni sahani ya wali.

Na wanaualimu wenzangu, hili linatuhusu sisi kuliko watu wa kozi nyingine yoyote. Sisi baada ya muda mfupi tutakuwa mbele ya kidato cha kwanza, shule ya bweni, watoto wa miaka 13, wengine ndiyo mara ya kwanza kulala mbali na mama. Katika hao kutakuwa na anayeshikwa tumbo kila siku ya hesabu. Kutakuwa na wasichana watakaoanguka mstarini, wa kwanza, wa pili, wa kumi, na watu watakuja mbio na maneno ya mapepo, na wewe mwalimu watakutazama wewe. Siku hiyo hutakuwa na muda wa kufungua madesa. Utafanya kile ulichozoea kufanya. Kama hapa chuoni ulizoea kusema "anadeka", utasema hivyo hivyo kwa mtoto wa mtu, na fimbo iko mezani.

Kwa hiyo mazoezi ya kufundisha hayaanzi siku ile tunapopangiwa shule. Yameanza tayari, kwenye kitanda cha chini hapo chumbani kwako, ambako kuna mtu amejifunika shuka mchana na anasema kichwa kinamuuma.

Nendeni mkamuulize amekula nini. Tuko pamoja.